Kulipa Kadha ya Ramadhani Mpaka Deni Liishe: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila unapoandama mwezi wa Shaabani hupokea maswali yale yale kutoka kwa kina mama na kina dada ninaosoma nao darsa. Mmoja anadaiwa siku saba za mwaka huu na hajui ngapi za mwaka juzi. Mwingine ameanza kulipa mara nne, na kila mara ameishia siku ya pili. Wa tatu ametoa mchele kwa maskini akidhani kwamba ameshamaliza deni lake, kumbe alichokitoa hakikumwondolea hata siku moja ya kufunga.

Wote hawa ni watu wanaoweza kufunga, kwa kuwa siku nyingine zote za Ramadhani walizifunga bila ya manung'uniko. Kinachowashinda katika kadha, yaani kuzilipa siku za Ramadhani walizozikosa, si njaa wala kiu, bali ni hesabu isiyoandikwa na nia isiyowekwa usiku. Mambo mawili hayo yakitengenezwa, mengine hufuata kwa wepesi, na ndiyo maana nimeyapa nafasi kubwa zaidi hapa chini.

Hukumu nilizozitaja ni za madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kisunni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Pale ambapo tofauti ya madhehebu inabadilisha kile unachopaswa kufanya, nimeieleza.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo litakalotumika kwa kazi hii peke yake. Karatasi moja moja hupotea, na simu hubadilishwa.
- Kalenda yenye tarehe za Hijria pamoja na zile za kawaida.
- Ratiba ya nyakati za sala ya mji unaoishi, si ya mji mwingine.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kibaba, au mizani ya jikoni, ikiwa unadaiwa fidia pia, yaani chakula cha kuwapa maskini.
- Mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, atakayejua kwamba unalipa na daftari lako liko wapi.

## Hatua ya 1: Jua unadaiwa nini

Usianze kufunga kabla ya kujua aina ya deni lako, kwa sababu wapo wanaodaiwa kufunga tu, wapo wanaodaiwa chakula tu, na wapo wanaodaiwa vyote viwili.

Anayedaiwa kadha peke yake ni aliyefungua kwa haidhi, nifasi (damu ya uzazi), safari, au ugonjwa unaotarajiwa kupona. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na ya 185, imemtaka mgonjwa na msafiri atimize hesabu katika siku nyingine. Kuhusu haidhi, Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, alieleza kwamba wanawake wa zama za Mtume waliamrishwa kulipa saumu na hawakuamrishwa kulipa sala. Mjamzito au mnyonyeshaji aliyejihofia nafsi yake, au aliyejihofia yeye pamoja na mtoto, naye huingia katika kundi hili.

Anayedaiwa kadha pamoja na fidia ni mjamzito au mnyonyeshaji aliyefungua kwa kumhofia mtoto tu, na vilevile mtu aliyeichelewesha kadha bila ya udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia. Kwa Mahanafi hakuna fidia katika hali hizi mbili, bali kadha tu.

Anayedaiwa fidia peke yake ni mzee asiyeweza tena kufunga na mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona. Huyu hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na hatakiwi kujilazimisha kufunga.

Aliyefungua makusudi bila ya udhuru wowote analazimika kutubu na kulipa haraka. Nafasi waliyo nayo wengine ya kulipa wakati wowote kabla ya Ramadhani ijayo haimhusu. Na aliyeiharibu saumu ya Ramadhani kwa tendo la ndoa mchana ana kafara kubwa, yaani malipo ya kufutia dhambi, juu ya kadha yake, na mwongozo huu haumtoshi. Amwendee sheikh wa msikiti wake.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni moja: mwenye uwezo wa kufunga hawezi kuibadilisha kadha kwa mchele. Fidia ya kuchelewesha huongezwa juu ya kufunga, haikai mahali pake.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kusita, kile unachodaiwa na sababu yake.

## Hatua ya 2: Andika hesabu yote, mwaka baada ya mwaka

Fungua ukurasa mmoja kwa kila Ramadhani. Juu andika mwaka wa Hijria, chini yake idadi ya siku ulizokosa, na pembeni sababu ya kila kundi la siku. Sababu inaandikwa kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama kuna fidia au hakuna.

Anza na mwaka wa karibuni, kwa kuwa unaukumbuka vizuri zaidi, kisha rudi nyuma. Mwanamke asiyekumbuka aanze na ada yake ya kila mwezi: ikiwa siku zake huwa sita au saba, na kila Ramadhani alipata haidhi mara moja, basi aandike saba. Pia ajiulize ni mwaka gani alikuwa na mimba, mwaka gani alijifungua, na mwaka gani alilazwa hospitali. Kadi ya kliniki ya mtoto imewasaidia wengi ninaowajua, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto hufichua Ramadhani ipi ilikuwa ya nifasi na ipi ilikuwa ya kunyonyesha.

Ukibaki na shaka kati ya idadi mbili, chukua iliyo kubwa. Deni lililothibiti haliondoki ila kwa yakini, na siku moja ya ziada haimdhuru mtu, ilhali siku moja iliyosahauliwa hubaki shingoni.

Yako makosa mawili ambayo nimeyaona mara kwa mara katika madaftari ya watu. La kwanza ni kutoiandika siku ambayo damu ilitoka dakika chache kabla ya magharibi. Siku hiyo imebatilika, nayo italipwa. La pili ni kinyume chake, yaani kuiandika siku ambayo mwanamke alitwaharika kabla ya alfajiri, akanuia, akafunga, lakini akaoga josho baada ya alfajiri kuingia. Siku hiyo saumu yake ni sahihi, na haina kadha.

Kisha mwoneshe yule mtu wako daftari lilipo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba aliyekufa akiwa na deni la saumu hufungiwa na walii wake, yaani jamaa yake wa karibu. Warithi hawawezi kulilipa deni wasilolijua, na mayatima wengi wamebaki wakijiuliza swali ambalo mama yao angelijibu kwa mstari mmoja.

## Hatua ya 3: Gawa siku kwenye kalenda

Majina ya miezi ya Kiswahili yanakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Wazee wetu waliihesabu miezi kuanzia pale saumu inapofunguliwa: Mfunguo Mosi ni Shawwali, Mfunguo Tatu ni mwezi wa Idi ya kuchinja, Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, na baada ya Mfunguo Tisa hufuata Rajabu na Shaabani. Kila unapotaja mwezi unakuwa umeshataja ni muda gani umepita tangu deni lako lianze, nami sijui kalenda nyingine inayomkumbusha mtu kadha yake namna hii.

Unayo miezi kumi na mmoja. Ondoa kwanza siku tano ambazo hazifai kufungwa kabisa: mosi ya Mfunguo Mosi, ambayo ni Idi, na siku nne za Mfunguo Tatu, yaani tarehe 10 ya Idi ya kuchinja na tarehe 11, 12 na 13 zinazoifuata. Kisha, ikiwa wewe ni mwanamke, ondoa siku zako za mwezi kwa makadirio.

Baada ya hapo chagua siku moja au mbili za wiki na uzizungushie kwa kalamu. Jumatatu na Alhamisi ndizo ninazozipendekeza, kwa kuwa ni siku zenye fadhila na wengi wana jamaa au majirani wanaozifunga kwa sunna, hivyo hutafuturu peke yako. Ijumaa pia inafaa, kwani karaha ya kuifunga peke yake inahusu saumu ya sunna, wala haiihusu kadha. Si lazima siku zifuatane, ingawa kuzifuatanisha na kuharakisha ni bora. Mwenye siku saba akifunga kila Alhamisi atamaliza kwa wiki saba au nane, yaani kabla ya Mfunguo Tatu kumalizika.

Wengi hujitetea kwa simulizi ya Bi Aisha, kwamba alikuwa akidaiwa saumu za Ramadhani na hawezi kuzilipa ila katika Shaabani. Simulizi hiyo ni sahihi, na inaonesha kwamba muda ni mpana. Lakini itafakari vizuri: alijua anachodaiwa, na Ramadhani nyingine haikumkuta nacho. Sisi tunaosubiri Shaabani tuna siku 29 au 30 tu, tukiondoa haidhi hubaki kama 22, na ndani ya hizo kuna arusi zinazowahishwa kabla ya mfungo, kuna safari, na siku za mwisho kuna vunja jungu ambapo nyumba nzima inakula na kunywa. Shaabani ni akiba ya dharura, si mahali pa kuweka mpango.

Mke azungumze na mumewe mapema kuhusu siku alizozichagua. Maadamu muda ni mpana, mume ana haki ya kuombwa ruhusa. Shaabani ikibakiwa na siku sawa na zile anazodaiwa, haki hiyo huondoka.

Walioko Ulaya wana hesabu nyingine. Huku kwetu saumu huchukua kati ya saa 13 na 14 mwaka mzima, lakini London mchana wa saumu ni kama saa 10 katika Desemba na huzidi saa 18 katika Juni. Aliye huko akipanga kadha zake zote katika majira ya baridi atakuwa ametumia wepesi aliopewa.

Na saumu sita za Mfunguo Mosi? Wanazuoni wamehitilafiana kama anayelipa kadha katika mwezi huo hupata pia thawabu za sita. Ushauri wangu ni kulitanguliza deni, kwa kuwa sunna iliyoachwa haina lawama na faradhi iliyoachwa inayo. Ama aliyefungua bila udhuru, huyo hana ruhusa ya kutanguliza sunna.

## Hatua ya 4: Weka nia usiku

Ningeambiwa nibakishe hatua moja tu katika mwongozo huu, ningeibakisha hii.

Saumu ya sunna unaweza kuinuia asubuhi, kabla ya adhuhuri, ikiwa hujala kitu. Kadha ni faradhi, na nia yake lazima iwekwe kati ya magharibi na alfajiri, kwa kila siku peke yake. Anayeamka saa moja asubuhi, akakumbuka kwamba leo ni Alhamisi yake na hajala chochote, hawezi kuifanya siku hiyo kuwa kadha. Akifunga atapata saumu ya sunna, na deni litabaki kama lilivyokuwa. Nimewahi kumwona mtu aliyefunga siku kumi na moja kwa namna hii, na ilimlazimu kuzirudia zote. Uchungu wake sijausahau.

Nia lazima itaje aina ya saumu. Mahali pake ni moyoni, na kuitamka husaidia: *nimenuia kufunga kesho kadha ya faradhi ya Ramadhani kwa ajili ya Mwenyezi Mungu Mtukufu*. Kiswahili kinatosha.

Ifunge nia hiyo na jambo ambalo hulikosi usiku. Wanaofaulu huinuia mara tu baada ya sala ya isha ya usiku wa kuamkia siku yao, hata kabla ya kula chakula cha usiku. Kula na kunywa baada ya nia hakuibatilishi, maadamu alfajiri haijaingia. Hofu ya kwamba "nikishanuia sitaweza tena kula" haina msingi. Mtu aliyeamka kula daku huku moyoni akijua kwamba anajiandaa kwa kadha yake, huyo naye ameshanuia.

Weka alama ndogo kwenye daftari usiku ule ule. Ukiamka asubuhi na kuiona, utakuwa na uhakika, na wasiwasi utakuepuka.

## Hatua ya 5: Amka ule daku

Katika Ramadhani kuna ngoma ya daku mtaani, kuna jirani wa kukugongea mlango, na kuna harufu ya jikoni. Katika kadha hakuna hata kimoja, kwa hiyo weka saa ya kukuamsha dakika 40 kabla ya alfajiri.

Mtume ametuhimiza kula daku kwa kuwa ndani yake mna baraka, na kuichelewesha ni sunna. Kula chakula kinachokaa tumboni, mfano wali au ugali na maharage, ndizi za kupika au uji mzito, na unywe maji taratibu badala ya kumeza jagi zima kwa mara moja. Epuka samaki wa chumvi na achari. Adhana ya alfajiri ikianza, acha. Kilichomo mdomoni kitemwe.

Usipoamka, saumu yako iko palepale ikiwa ulinuia.

## Hatua ya 6: Uulinde mchana wako

Mwezi wa Ramadhani mtu hubebwa na mji mzima. Migahawa imefungwa au imeshushwa mapazia, watoto wanakuuliza kama umefunga, na anayekula hadharani huona haya. Siku ya kadha umebaki wewe na Mola wako tu, kikombe cha chai kiko mezani kwa mwenzako, na hakuna atakayejua ukikichukua. Katika hadithi qudsi Mwenyezi Mungu amesema kwamba saumu ni Yake na Yeye ndiye atakayeilipa, na sijapata mahali pa kuielewa kauli hiyo vizuri zaidi ya siku ya Alhamisi ya kawaida, ofisini, saa saba mchana.

Sheria ya kuijua vizuri ni kwamba kadha ukishaianza huruhusiwi kuikatiza bila ya udhuru. Hapa si kama sunna, ambayo unaweza kuifungua kwa ajili ya mgeni. Ukikaribishwa chakula, sema kwa upole kwamba umefunga. Wala huhitaji kueleza ni saumu gani. Kuikatiza bila sababu ni dhambi, na siku hiyo utailipa tena, ingawa ile kafara kubwa ya Ramadhani haiingii katika kadha.

Ukila kwa kusahau, temea mbali kilichobaki mara unapokumbuka na uendelee. Saumu yako haikuharibika.

Haidhi ikitoka katikati ya mchana, siku hiyo imeondoka na huna lawama. Usiifute kwenye daftari, ihamishie mbele.

Mwenye kisukari, maradhi ya figo au vidonda vya tumbo azungumze na daktari wake kabla ya hatua ya 3, hasa kuhusu saa za dawa. Ukipatwa na kutetemeka, jasho la baridi, kizunguzungu kikali au kuona kiza, fungua papo hapo kwa kitu cha sukari. Rukhsa ni sehemu ya dini, na aya ile ile iliyoamrisha kadha inasema kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito.

## Hatua ya 7: Futuru na ukate mstari

Jua likizama, usicheleweshe. Tende mbichi ni bora, kisha kavu, kisha maji, kama alivyokuwa akifanya Mtume. Futari ya kadha haihitaji meza ya Ramadhani, nayo ikifanywa kuwa kazi kubwa utachoka na kadha yenyewe; uji wa pilipili manga na viazi vilivyochemshwa vinatosha.

Baada ya sala ya magharibi chukua kalamu ya pili, kata siku moja, na uandike tarehe uliyolipa. Usikate asubuhi wala mchana.

## Hatua ya 8: Toa fidia, kama unadaiwa

Kipimo ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji wako kwa kila siku, na kibaba hiki ndicho kile cha haba na haba. Kwa mchele ni kama gramu 675, na vibaba vinne ni pishi moja, ile ile ya zaka ya fitiri. Asiye na kibaba apime gramu 700 ili awe na uhakika.

Tuchukue mfano wa mtu aliyekosa siku saba katika kila Ramadhani ya miaka ya Hijria 1444, 1445 na 1446, asilipe hata moja bila ya udhuru, akaamka baada ya Idi ya 1446. Kadha yake ni siku 21. Saba za 1444 zimepitiwa na Ramadhani mbili, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii fidia hukariri kwa idadi ya miaka, hivyo ni vibaba 14. Saba za 1445 zimepitiwa na Ramadhani moja, vibaba 7. Saba za 1446 bado zimo ndani ya muda wake na hazina fidia. Jumla ni vibaba 21, yaani pishi tano na kibaba kimoja, au takriban kilo 14 za mchele. Kwa kauli ya pili fidia haikariri, na jumla ingekuwa vibaba 14.

Aliyecheleweshwa na udhuru uliodumu, kama ugonjwa uliomshika mwaka mzima, au mimba iliyofuatwa na kunyonyesha pasipo nafasi ya kufunga, hana fidia ya kuchelewesha.

Wape mafakiri au maskini. Unaweza kumpa mtu mmoja vibaba vingi, lakini usikigawe kibaba kimoja kwa watu wawili. Toa chakula chenyewe. Kutoa thamani yake kwa pesa kunakubalika kwa Mahanafi, si kwa Mashafii. Andika tarehe na idadi kwenye daftari kama ulivyofanya kwa saumu.

## Ramadhani ikikukuta hujamaliza

Ikiwa Shaabani inakwisha na siku zimebaki, endelea kulipa mpaka siku ya mwisho. Lile katazo la kufunga nusu ya pili ya Shaabani na siku ya shaka linahusu sunna zisizo na sababu, na mwenye kadha hazuiliwi nalo.

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, acha kadha, kwa kuwa Ramadhani haipokei saumu nyingine ndani yake. Funga mwezi uliopo. Siku zilizobaki zinabaki kwenye ukurasa wake wa zamani. Usizichanganye na za mwaka mpya, kwa sababu hesabu ya fidia yake itakuwa tofauti. Fungua ukurasa mwingine, andika mwaka juu yake, na kila siku utakayofungua katika mwezi huu iandike jioni ile ile, pamoja na sababu yake.